Utoro Hauanzi Siku ya Tisini

Nilipokuwa mwalimu wa darasa la kidato cha pili katika shule moja ya kata kando ya Ziwa Victoria, nilijaza rejesta ya mahudhurio kama walimu wengi wanavyoijaza: haraka haraka, jicho moja kwenye majina, jingine kwenye saa. Mwisho wa muhula nikakaa kujumlisha mahudhurio ili niyapeleke ofisini, nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona miezi mitatu nyuma. Kijana mmoja aliyekaa karibu na dirisha, alama zake za kutokuwepo zilikuwa zimejipanga kwa mafungu. Siku tisa hayupo, siku kumi na mbili yupo. Siku kumi hayupo, siku kumi na moja yupo. Nikatoa kalenda ukutani, nikailaza kando ya rejesta. Alikuwa anakuja shule wakati wa mbalamwezi. Giza likiingia, haonekani.

Mtu wa mwaloni, kule mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga, ameshaelewa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, vijana wanalala. Kijana wangu hakuwa mzururaji. Alikuwa mfanyakazi mwenye ratiba inayoeleweka kuliko ratiba ya shule yetu, na ratiba hiyo niliijaza mimi mwenyewe kila asubuhi bila kuisoma.

Kisa hiki nakikumbuka kila serikali inapotoa kitabu cha takwimu za elimu. Kwa miaka mingi, jedwali la sababu zinazowafanya wanafunzi wa sekondari kuacha shule limeongozwa na neno moja: utoro. Mimba, inayosemwa sana majukwaani, iko chini yake kwa mbali. Viongozi wakisoma jedwali hilo huagiza utoro ukomeshwe, watendaji wa kata huagizwa wawasake wazazi, na mwaka unaofuata jedwali linarudi na neno lilelile juu. Hali haibadiliki kwa sababu utoro si sababu ya mtoto kuacha shule. Utoro ndiyo huko kuacha kwenyewe, kunakotokea kidogo kidogo. Kuandika kwamba mwanafunzi ameacha shule kwa sababu ya utoro ni sawa na kuandika kwamba marehemu amefariki kwa kukata roho. Daktari aandikapo hivyo hajatuambia ugonjwa.

Utaratibu tunaoutumia wa kumtambua mtoro unazidisha upofu huo. Katika shule zetu za Tanzania, mwanafunzi asiyeonekana siku 90 mfululizo bila taarifa ndiye anayehesabiwa kuwa ameacha shule kwa utoro. Siku 90 ni karibu nusu ya siku 194 za masomo za mwaka mzima. Kabla ya hapo yuko kwenye orodha, anahesabiwa kwenye idadi ya wanafunzi wa shule, na ruzuku ya uendeshaji inaletwa kwa jina lake. Ikifika siku ya 90, jina linakatwa. Hakuna hatua iliyo wazi, yenye mtu wa kuwajibika nayo, kati ya siku ya kwanza na siku hiyo. Mwalimu mwema atapiga simu kwa mzazi kwa vocha yake mwenyewe, mwalimu mkuu mwenye moyo atatuma mtu kijijini, lakini hiyo ni hisani ya mtu binafsi, na sera haiwezi kutegemea hisani.

Lakini lililo baya zaidi ni neno "mfululizo". Yule kijana wa mbalamwezi alikosa shule siku 83 mwaka ule, nilizihesabu. Kipindi chake kirefu zaidi cha kutoonekana mfululizo hakikufika wiki tatu. Kwa hiyo kwa mujibu wa makaratasi hakuwa mtoro hata siku moja. Taarifa ya shule kwenda wilayani ilimwonyesha kama mwanafunzi anayesoma. Hali hiyo inawahusu maelfu wa namna yake: wanaokosa kila siku ya mnada kwa sababu wanabeba mizigo, wanaokosa msimu wa kupalilia na msimu wa kuvuna, wanaokosa Jumatatu na Ijumaa mwaka mzima. Hao hawafikishi siku 90 mfululizo, lakini wamekosa theluthi ya masomo. Wakifika mtihani wa kidato cha pili wanaanguka, wanatakiwa kurudia darasa, hawarudi. Hapo ndipo mfumo unaposhtuka.

Nchi inayotaka kupunguza utoro inapaswa kwanza kubadili siku ya kushtuka. Iwe siku ya tatu. Mwanafunzi akikosa siku tatu bila taarifa, mzazi apigiwe siku hiyohiyo. Akifikisha siku kumi kwa muhula, ziwe mfululizo au za kuruka, jina lake liwe mezani kwa mkuu wa shule na afisa elimu kata, na pembeni yake pawe na maelezo ya sababu, si neno utoro. Shule zetu tayari zinatakiwa kuingiza taarifa za wanafunzi kwenye mfumo wa kompyuta wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, kwa hiyo siombi mfumo mpya. Naomba uliopo uulizwe swali jingine. Leo unaulizwa wangapi wameandikishwa. Uulizwe leo asubuhi wangapi wamekaa kwenye madawati, na kati ya wasiokaa, nani alikosa pia wiki iliyopita.

Mzazi kupigiwa simu ni jambo dogo, lakini lina uzito kuliko linavyoonekana. Nilipokwenda kwa kijana wangu nilimkuta mama yake akianika dagaa. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa ndoo niigeuze nikalie. Nikamweleza kilichonileta. "Anakosa siku mbili tatu tu mwalimu," akasema, "zile za kunisaidia." Hakuwa ananidanganya. Nikafungua rejesta nikamwonyesha mstari wa mwanawe. Akaweka kidole kwenye alama ya kwanza akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo. Alipofika thelathini na kitu akanyamaza, kidole kikabaki palepale kwenye karatasi. Kila siku moja aliijua. Jumla yake ndiyo hakuwahi kuambiwa na mtu.

Jambo hilohilo lilipimwa kwa kiwango kikubwa katika jiji la Philadelphia huko Marekani. Watafiti walituma barua za kawaida za posta kwa wazazi katika kaya zaidi ya 28,000, wakiwaeleza watoto wao wamekosa shule siku ngapi kwa jumla. Wazazi wengi walikuwa wakidhani idadi ni ndogo kuliko ilivyo. Barua hizo peke yake, bila faini wala polisi, zilipunguza wanafunzi wenye utoro sugu kwa asilimia 10 au zaidi. Philadelphia si Sengerema, na mzazi wa kule hana shida za mzazi wa huku. Lakini mama yule wa mwaloni na mzazi wa Philadelphia walikosea hesabu ileile, na ujumbe wa simu ya tochi ni rahisi kuliko barua ya posta.

Sasa tuje kwenye yale ambayo simu haiwezi kuyatatua.

Niliwahi kuwa mwalimu wa zamu wiki moja ya mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa zinaishia. Wanafunzi walitakiwa wawe wamechukua namba ifikapo saa moja kasoro robo asubuhi. Waliochelewa walipigishwa magoti kando ya geti wakisubiri viboko na jembe la kufyekea. Nikiwa pale nikamwona binti mmoja wa kidato cha kwanza anakuja na njia ya mashambani. Viatu ameshika mkononi, sketi imelowa umande hadi magotini. Alitoka kitongoji ambacho kwa miguu ni saa moja na nusu, na pengine aliamka saa kumi za usiku. Alipofika kwenye mwembe, kama mita mia kutoka getini, akaona wenzake wamepiga magoti. Akasimama kidogo. Kisha akageuka akarudi alikotoka.

Asubuhi ile rejesta ilimwandika mtoro. Mtoto aliyetembea saa moja na nusu gizani kuja shule, akafika hadi mita mia kutoka getini, tulimwandika mtoro! Na aliyemgeuza ni mimi niliyesimama pale na fimbo.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 hazimruhusu kila mwalimu kuchapa kila mwanafunzi kwa kila kosa. Zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kila aliyewahi kusimama kwenye geti la shule ya kata anajua kitabu hicho hakifunguliwi pale. Mimi ningependa kanuni hizo zifutwe kabisa, lakini hata anayependa viboko viendelee anapaswa kukubaliana nami kwenye jambo moja: adhabu ya kuchelewa isiwe na ukali wa kumfanya mtoto aone heri akose siku nzima. Anayechelewa aandikwe amechelewa, aingie darasani, alipie muda wake jioni kwa kusoma. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha kulifanya hilo lianze muhula ujao nchi nzima, na hauna gharama yoyote.

Umbali wenyewe nao ni matokeo ya sera. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulitupatia shule za kata, na waliozibeza walisahau kwamba kabla yake watoto wengi wa vijijini hawakuwa na sekondari ya kutoroka. Lakini kata ya Kariakoo unaimaliza kwa dakika chache kwa miguu, na kata ya Manyoni au Kaliua ni pori lenye vijiji vilivyotawanyika. Shule moja kwa kila kata ni haki kwenye ramani tu. Mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020 kwa mkopo wa dola milioni 500, ulilenga shule 1,000 mpya za kata na shule 26 za bweni za wasichana, moja kila mkoa. Ni kazi kubwa na imeonekana kwa macho. Hata hivyo kwa kila kata ya pori, kabla ya kumwaga zege la madarasa, lingepimwa kwanza hili: mtoto wa kitongoji cha mwisho atatembea dakika ngapi?

Zambia walijaribu njia nyepesi zaidi. Wasichana wa vijijini wanaokaa zaidi ya kilomita 3 kutoka shuleni walipewa baiskeli, na watafiti wakawafuatilia pamoja na wenzao ambao hawakupewa. Muda wa njiani ulipungua kwa zaidi ya theluthi, kukosa shule kukapungua kwa zaidi ya robo, na uchelewaji ukashuka sana. Jimbo la Bihar nchini India lilianza kuwapa wasichana wa sekondari fedha za baiskeli tangu mwaka 2006, na uandikishaji wa wasichana ukapanda kwa takriban asilimia 30. Usukumani baiskeli si kitu kigeni. Mafundi wapo, vipuri vipo kila gulio. Ninachojiuliza ni kwa nini halmashauri zinazotenga fungu la vijana na wanawake haziwezi kutenga fungu la baiskeli za wanafunzi wa vitongoji vya mbali, shule ikazimiliki na kuzikabidhi kwa mkataba na mzazi.

Mahali ambapo hakuna baiskeli wala bweni, kuna geto. Nani asiyeyajua mageto ya wanafunzi? Chumba kimoja cha tope nyuma ya duka, godoro, ndoo, jiko la mkaa, mabinti watatu wa miaka kumi na nne au kumi na tano, na hakuna mtu mzima. Ijumaa wanatoka mapema, wengine hawaji kabisa, kwa sababu lazima wafike kijijini kuchukua unga na maharage. Jumatatu wanaingia saa nne, au Jumanne. Unga ukiisha Alhamisi, wanaondoka Alhamisi. Mwenye duka na dereva wa bodaboda wanajua ni lini unga umeisha kuliko mwalimu wa malezi anavyojua. Halafu taifa zima linashangaa mimba zinatoka wapi.

Nimewahi kusikia mageto yakipigwa marufuku kwenye mikutano. Ukiyapiga marufuku bila bweni umemwambia mtoto asisome. Bora shule iyatambue, iyaorodheshe, mama mmoja wa jirani alipwe posho ndogo ya kuyaangalia, na mtendaji wa kijiji akague kama anavyokagua vyoo. Ni jambo la mpito, na litatukera wengi kwa sababu linakiri kwamba hatujajenga mabweni ya kutosha.

Suala la unga linanipeleka kwenye chakula cha mchana. Sina haja ya kulirefusha, kwa kuwa kila mwalimu anajua darasa linavyokuwa saa nane mchana. Ada ya sekondari ilifutwa kuanzia Januari 2016 kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ile shilingi 20,000 ya kutwa na 70,000 ya bweni. Mwaka huohuo wa 2016 waraka mwingine, Na. 3, ukafafanua majukumu, na chakula cha wanafunzi wa kutwa kikabaki kwa wazazi. Lakini wazazi walikuwa wameshasikia neno moja tu, "bure", na wakuu wa shule wakaogopa kuitisha hata debe la mahindi wasije wakaambiwa wanachangisha. Zipo shule ambazo wazazi walikaa wakakubaliana wenyewe gunia ngapi kwa mwaka na nani atapika, na makande yakiwepo wanafunzi hawapotei baada ya mapumziko ya saa nne. Serikali ingetoa nusu na wazazi nusu, ingekuwa na haki ya kudai mtoto abaki hadi kengele ya mwisho.

Nimeweka fedha mwishoni si kwa sababu ni ndogo, bali kwa sababu ndiyo tunayoielewa vibaya kuliko zote. Tunasema wazazi hawathamini elimu. Mama wa mwaloni alikuwa anathamini elimu, ndiyo maana mwanawe alikuwa anarudi kila mbalamwezi, kwa sare iliyofuliwa. Alichokosa ni mtu wa kuziba pengo la usiku wa giza. Mexico walilielewa hilo mwaka 1997 walipoanzisha mpango wa Progresa: familia maskini za vijijini zililipwa mradi mtoto ahudhurie angalau asilimia 85 ya siku za shule, na malipo yaliongezeka kadiri mtoto alivyopanda madarasa, msichana wa sekondari akipata zaidi kidogo ya mvulana. Walijua kwamba mtoto wa miaka kumi na tano ana bei shambani ambayo mtoto wa miaka minane hana. Na faida kubwa zaidi ilionekana palepale, kwenye kuingia sekondari.

Sisi tuna TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini ulioanza mwaka 2012, uliofikia kaya zaidi ya milioni moja, umekuwa na sharti la watoto kuhudhuria asilimia 80 ya siku za masomo. Kwa hiyo wazo hili si geni kwetu, na mahali pengi limesaidia. Dosari ninayoiona ni kiasi kinachoambatana na mtoto wa sekondari: hakikaribii hata kidogo kile anachokipata kijana kwa wiki moja ya giza. Ruzuku ya mtoto wa kidato cha pili na cha tatu ingepaswa kupangwa kwa kuangalia bei ya kibarua cha eneo lake, ziwani, machimboni au kwenye mpunga. Vinginevyo tunamnunua mtoto kwa bei ambayo soko limeshaizidi, halafu tunamwita mzazi wake mzembe.

Upande wa pili wa fedha hiyo kuna mtu ambaye sijawahi kumsikia akiitwa kwenye kikao cha utoro: tajiri. Mwaloni, tajiri ni mwenye mtumbwi, mwenye nyavu na taa. Mtoto akikosa shule, mtendaji humwita baba au mama, sheria ndogo za halmashauri humtoza faini mzazi, na wakati mwingine mzazi hulala mahabusu huku dagaa zake zikioza. Aliyemchukua mtoto usiku, akamrudisha alfajiri na kumlipa ujira wa nusu mtu mzima, haulizwi. Na si kwamba sheria haipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto usiku, kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inakataza kazi za hatari kama za machimboni. Inamhesabu mtoto kuwa kila aliye chini ya miaka 18. Mialo ina vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vyenye orodha ya mitumbwi na wenyewe. Machimbo madogo yana leseni na wenye leseni. Kikundi kinachoweza kukagua matundu ya nyavu kinaweza kukagua umri wa wanaopanda mtumbwi. Leseni ya mwenye mtumbwi ikisimamishwa mwezi mmoja kwa kubeba mwanafunzi, habari itafika mialo yote kabla ya jua kuzama.

Mzazi kufungwa, kwa upande wangu, hapana. Nimeona kilichotokea nyumba moja baada ya baba kuwekwa ndani siku nne: mtoto aliyekuwa mtoro ndiye aliyeachiwa ng'ombe. Faini nayo hulipwa kwa kuuza kitu ambacho kingenunua daftari. Kama lazima pawe na adhabu kwa mzazi, iwe ya mwisho, baada ya shule kuonyesha kwa maandishi kwamba ilimpigia, ilimtembelea, na ilimpa njia.

Kuna jambo moja jema ambalo limepita bila kupewa uzito. Novemba 2021 Wizara ya Elimu iliruhusu waliokatiza masomo kurudi kwenye shule za kawaida. Mjadala wote ukawa juu ya wasichana waliojifungua, na kwa haki, maana walikuwa wameumizwa muda mrefu. Lakini waraka uliofuata uliwagusa waliokatiza kwa sababu nyingine pia, watoro wakiwemo. Maana yake ni kwamba jina lililokatwa siku ya 90 linaweza kuandikwa tena. Ni wazazi wangapi wa mialoni wanalijua hilo? Kwenye kata niliyofundisha, sikuwahi kuona tangazo lake limebandikwa ofisini kwa mtendaji, mahali ambapo matangazo ya ushuru hayakosekani.

Na muda tulionao ni mfupi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa mwanzoni mwa 2025, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa mpangilio wa mtaala mpya, darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo. Madarasa yanajengwa, walimu wanaajiriwa, hilo linasemwa kila bajeti. Ninachokihofia ni wiki ya sita. Watoto waliosoma miaka yote kwa Kiswahili wataketi mia moja kwenye chumba, mwalimu akizungumza Kiingereza wasichokielewa, na wale wa mstari wa nyuma wataanza kukosa siku moja moja bila mtu kugundua kwa sababu chumba bado kimejaa. Darasa lililofurika huficha utoro kuliko geti lolote. Kama rejesta itaendelea kusomwa mwisho wa muhula tu, neno "lazima" litabaki kwenye kitabu cha sera.

Kijana wangu wa mbalamwezi alifanya mtihani wa kidato cha pili. Ulianguka wakati wa giza, na siku mbili kati ya siku za mtihani alikuja moja kwa moja kutoka ziwani, magamba ya dagaa yakimeta kwenye mikono. Hakufaulu. Januari nilimsubiri arudie darasa. Nilikwenda kwao mara mbili, mara ya pili nikaambiwa amehamia visiwani kwenye kambi ya uvuvi. Mwezi wa tano siku zikatimia, safari hii mfululizo, na ofisi ikaniletea fomu ya waliokatiza masomo nijaze. Palikuwa na safu ya jina, safu ya jinsi, safu ya darasa, na safu nyembamba ya sababu, yenye nafasi ya neno moja. Nikaandika: utoro.